Kabla ya Moto

Magari mengi makuukuu yana namna yake ya kufungwa milango, na namna hiyo huijua mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Abiria mgeni akitaka kuupigiza mlango, dereva humwahi: "Usiupigize, ndugu yangu. Uinue kidogo, halafu uvute." Mgeni huinua, huvuta, mlango hukubali. Safari ya pili hasubiri kuambiwa. Miaka ikipita, ndani ya gari hilo hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba mlango huo, siku ulipotoka kiwandani, ulifungwa kwa kidole.

Mlango wa kuinuliwa naupa uzito mkubwa. Rangi ya gari inaweza kupigwa upya ikaficha miaka ishirini. Injini inaweza kuoshwa, ikatiwa oili nzito, ikanguruma vizuri mbele ya mnunuzi. Lakini ule mwanya mwembamba unaouzunguka mlango, ambao haukuwekwa pale uwe kipimo cha chochote, hueleza habari za mwili mzima: mizigo iliyobebwa, mashimo yaliyopitiwa, maji ya chumvi yaliyoingia yasitoke. Mwenye jicho husoma mwanya huo kabla hajasoma kitu kingine.

Fundi mzuri huanza bila chombo mkononi. Huufungua mlango wote, huushika kwenye ncha iliyo mbali na bawaba, huunyanyua. Mlango ukicheza juu na chini, ugonjwa uko kwenye bawaba: pini zimelika, matundu yake yamepanuka. Hiyo ni kazi ndogo. Pini hubadilishwa na mambo yakaisha. Lakini mlango ukitulia mkononi, usicheze hata kidogo, na bado ukifungwa unagonga nguzo, basi mlango hauna kosa. Uko pale pale ulipofungwa tangu mwanzo. Kilichohama ni gari.

Hapo jicho hurudi kwenye mwanya. Ukiwa umebana juu na kuachia chini, nguzo ya mbele na nguzo ya katikati zimeinamiana vichwa, na nguzo haziinamiani vichwa ila sakafu iliyo chini yake imebonyea. Fundi huweka ubao chini ya tumbo la gari, na jeki chini ya ubao, akapandisha polepole huku macho yakiwa mlangoni. Mwanya wa juu ukianza kufunguka kadiri jeki inavyopanda, hakuna haja ya mjadala. Gari limelegea mgongo, na dawa yake haiko mlangoni.

Niliyaona haya kwenye Peugeot 504 ya mjomba wangu, ile ndefu yenye safu tatu za viti, iliyobeba watu na magunia kati ya Mombasa na Malindi mpaka biashara hiyo ikachukuliwa na magari mengine. 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Mombasa. Ile ya kawaida ina mita 2.74 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Hii ndefu ina mita 2.90. Sentimita 16 hizo zilimpa mjomba nafasi ya abiria zaidi, na zikalipa gari mgongo mrefu zaidi wa kubonyea, kwa kuwa magurudumu hushika ncha mbili tu, na kila kilichokaa katikati hubebwa na kile kilichopo kati yake.

Na kilichopo kati yake si chasisi kama ile ya lori. Land Rover ya zamani unaweza kuivua bodi yote ukabaki na ngazi ya chuma yenye magurudumu, na ngazi hiyo ikaenda barabarani. Kwenye 504 hakuna cha kuvua. Sakafu, nguzo, paa na boriti zinazopita chini ya milango vimeunganishwa vikawa mfupa mmoja, na bati lenyewe ndilo linalobeba. Wazo hilo lina umri mkubwa. Vincenzo Lancia wa Turin, Italia, alilipata katika umbo la meli, chombo kinachoshikwa na mwili wake wenyewe, na mwaka 1922 akaonyesha gari lake lililoitwa Lambda. Ukitazama picha za Lambda utaona milango yake ni mifupi mno, imeanzia juu na kuishia kabla ya kufika sakafuni, kiasi kwamba abiria alilazimika kunyanyua mguu kuingia. Ubavu wa gari ulikuwa ndio boriti, na kila mlango ni shimo kwenye boriti. Lancia alikata mashimo madogo kadiri abiria wake walivyoweza kuvumilia.

Sisi wa baadaye tulitaka milango mikubwa, na tukapewa. Kilichobaki kushika ubavu ni paa juu ya mlango na boriti nyembamba chini yake. Ndiyo maana magari yaliyokatwa paa, yale ya kujivinjari, hulegea milango mapema kuliko mengine: uzito wote umeachiwa boriti za chini. Lakini hata gari lenye paa, boriti zake za chini zikioza, paa haliwezi peke yake.

Boriti hizo ni mabati mawili au matatu yaliyokunjwa na kushonwa pamoja mpaka yakawa boksi lenye uwazi ndani. Unene wa bati lenyewe ni kama milimita 1, wakati mwingine pungufu. Nguvu haitoki kwenye unene, inatoka kwenye kufungwa. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko kilichobandikwa pande zote, ujaribu kulisokota. Kisha toa kifuniko, usokote tena. Karatasi ni ile ile, mkono ni ule ule, na sasa linazunguka kama kitambaa. Kwa chuma hesabu inashtua zaidi: bomba la duara lenye kipenyo cha sentimita 10 na ukuta wa milimita 1, likipasuliwa mstari mmoja kwa urefu wake wote, hupoteza ukinzani wake dhidi ya kusokotwa kwa zaidi ya mara elfu saba. Hakuna chuma kilichoondolewa. Limefunguliwa tu.

Na kutu, kwa bahati mbaya, hufungua vile vile. Haianzi katikati ya bati palipo wazi, mahali ambapo mtu angeiona akaikwangua. Huanza chini kabisa, kwenye mshono ambapo mabati mawili yamelaliana, maana ndipo mchanga na matope hukaa, ndipo maji hukwama. Hutambaa na mshono huo kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma. Siku moja boksi limekuwa mfereji, na kwa nje bado linang'aa.

Pwani jambo hili huenda haraka. Hewa ya bahari huleta chumvi hata kwa gari lisilotoka uani, na chumvi huvuta unyevu na kuyapa maji uwezo wa kula chuma upesi zaidi. Gari linalovuka Likoni kwa feri mara kwa mara huonja bahari kwa karibu. Na pale pale kivukoni ndipo gari hupimwa: linaposhuka kwenye mlango wa feri kwa pembe, gurudumu moja la mbele hukanyaga kabla ya mwenzake, mwili wote husokoteka, na aliyekaa nyuma husikia milango ikilia. Mjomba alikuwa akisema ni mpira wa mlango umekauka. Alikuwa na haki ya kutumaini hivyo. Gari lilikuwa limesomesha watoto.

Fundi aliyelipokea gari hilo ana uwanja wake Changamwe, huko huko Mombasa, chini ya mwarobaini, na umri wake na wa mjomba haupishani sana. Walisalimiana kirefu kabla ya kulitazama gari. Alipolala chini na tochi, alikaa huko muda mrefu, akigonga kwa nyuma ya bisibisi na kusikiliza. Bati zima hulia, bati bovu hunyamaza. Alipotoka alimwambia mjomba, "Mzee mwenzangu, hili limeshatibiwa."

Kweli lilikuwa limetibiwa. Miaka kadhaa nyuma, gereji nyingine ilikuwa imepigilia chuma cha pembe chini ya ubavu wa kushoto, kinene, kimechomelewa mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Kazi ilikuwa na nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake. Gari lilichomelewa likiwa limeinuliwa kwa jeki moja kwenye kona, mwili umejipinda kwa uzito wake wenyewe, na chuma kile kikaushika upinde huo kikauhifadhi. Tangu siku hiyo mlango wa kushoto haukulegea zaidi, wala haukupata tena nafasi ya kurudi. Tulikuwa tukiinua na kuvuta, tukidhani gari limezeeka, kumbe lilikuwa limefungwa likiwa kombo.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema kuhusu kazi hii yote. Watu huona kuimarisha gari kuwa ni habari ya chuma na moto: chuma kinene kiasi gani, mashine yenye nguvu gani. Lakini mchomo haunyooshi kitu. Hukikuta kitu kilivyo na kukifunga hivyo hivyo, kwa uaminifu usiochagua. Ukiukuta mwili umenyooka, utaulinda unyoofu. Ukiukuta umepinda, utaulinda upinde kwa bidii ile ile, na kadiri chuma kilivyo imara ndivyo itakavyokuwa vigumu kurudi. Kwa hiyo kazi yenyewe, ile inayostahili malipo na heshima, hufanyika kabla mashine haijawashwa, na mtu anayepita njia hataona chochote ila mzee ameketi kwenye kigoda akitazama mwanya wa mlango.

Alianza kwa kukata kile chuma cha pembe. Sauti ya grainda ilijaa uwanja mzima. Kisha akaliweka gari juu ya stendi, si chini ya boriti mbovu bali pale uzito unapokaa kwa kawaida, karibu na springi za mbele na za nyuma, ili mwili ujisikie kama uko juu ya magurudumu yake. Akatandika mbao nene katikati, jeki mbili chini yake, moja kila upande. Akazungusha kidogo huku, kidogo kule, akaacha. Akaenda kufanya kazi ya mtu mwingine. Akarudi, akatazama, akazungusha tena kwa upana wa kucha. Milango yote minne ilikuwa mahali pake, imefungwa, kwa kuwa kwenye kazi hii mlango ndio rula: ukiutoa ili upate nafasi ya kuingiza mkono, umejinyima kipimo. Alipolazimika kuutoa mmoja, alishikiza kwanza bomba kutoka nguzo hadi nguzo, uwazi usije ukajibana wakati mlango haupo.

Nilimwuliza, "Mzee, moto lini?"

"Moto bado, mwanangu. Kwanza lirudi."

Alikuwa na kamba isiyovutika, pima maji, na timazi yenye kibuyu cha shaba. Kwa kamba alipima kila uwazi wa mlango kutoka pembe hadi pembe, juu kwenda chini, kisha pembe za upande wa pili, na akalinganisha ubavu wa kushoto na wa kulia. Kwa timazi alishusha alama nne kutoka chini ya gari hadi kwenye saruji, akachora kwa chaki, akavuta kamba kukata katikati. Hakuwa na karatasi ya vipimo vya kiwanda. Alichokuwa nacho ni kwamba gari lina pande mbili, na upande usioumia sana hutoa ushahidi juu ya mwenzake. Kijana wake mmoja alitaka kuanza kukwangua rangi ili kuokoa muda. Akamkataza kwa mkono tu, bila neno.

Siku ambayo mlango wa nyuma wa kushoto ulifunga bila kuinuliwa, hakuna chuma kipya kilichokuwa kimeshagusa gari hilo. Lilikuwa limesimama juu ya mbao. Jeki zikishushwa, lingelala tena. Hata hivyo mzee alitamka kwamba kazi imekwisha, imebaki kuchomelea.

Boriti mpya aliikunja mwenyewe kwa bati la milimita 2, vipande viwili vilivyokutana vikafanya boksi. Nilikumbuka kwamba Land Rover za kwanza za mwaka 1948, zilizotoka Solihull wakati Uingereza ilikuwa haijapona umaskini wa vita, zilikuwa na chasisi za namna hiyo hiyo: vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pembeni mpaka vikawa boksi, maana fedha za mashine kubwa za kukandamiza chuma hazikuwapo. Mtu akiudharau uwanja wa Changamwe kwa sababu hauna mashine hizo, anadharau njia iliyotengeneza gari lililofika kila kona ya Afrika.

Juu ya moto wenyewe nitasema machache, kwa kuwa unaonekana na wengi wameueleza. Betri hutolewa, tangi la mafuta hutolewa, zulia na viti hutolewa, ndoo ya maji na mchanga huwekwa karibu. Bati jembamba halipendi vijiti vya kuchomelea vya kawaida, hutoboka. Mzee alitumia mashine ya waya inayopuliza gesi ya kaboni dayoksaidi, na pale mashine isipofika, moto wa gesi. Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba chuma kikipata joto hurefuka na kikipoa hujivuta. Mita moja ya chuma ikipanda nyuzi 100 hurefuka kwa milimita 1.2. Palipochomwa joto hupanda mpaka kuyeyuka, zaidi ya nyuzi 1,400, na kila mchomo unapopoa huvuta kilicho jirani kuja kwake. Mtu anayechomelea mstari mrefu mmoja, uliokaa vizuri machoni, ameukaza ubavu mzima kama kamba ya ngoma, na unyoofu wote wa zile jeki umempotea kwa nusu saa. Mzee alichoma urefu wa kidole, akahama akaenda ncha ya pili, akachoma urefu wa kidole, akaingia upande wa kulia. Alingoja papoe penyewe, bila maji. Kila mara alirudi kuufungua na kuufunga mlango.

Alikuwa na jambo jingine ambalo nalitaja kwa sababu wengi wenye mashine nzuri hawalijui. Hakuikata boriti mpya ncha yake ikawa mraba. Aliikata kwa mshazari, ikachongoka, ikalala juu ya chuma cha zamani kwa urefu, na karibu na ncha akaunganisha kwa matundu yaliyojazwa moto badala ya mstari wa kukatiza. Chuma kigumu kikiishia ghafla kwenye chuma laini, mzigo wote hujikusanya pale kinapoishia, na baada ya msimu wa mashimo ufa hutokea sentimita chache mbele ya kiraka, kwenye bati lililokuwa zima kabisa. Wenye gari husema kiraka kilishika lakini gari likapasuka kwingine, wakidhani ni balaa mpya. Ni kiraka hicho hicho. Kuimarisha mahali ni kuhamisha mzigo, na fundi anayejua kazi huamua mapema mzigo huo ataukabidhi kwa nani, kisha huusindikiza taratibu mpaka huko.

Afrika Mashariki ilipaswa kulijua hili vizuri kuliko mahali pengi, kwa kuwa barabara zetu zililifundisha hadharani. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na waliojiandaa kwazo walijifunza kwamba gari la kawaida, lililoshonwa kiwandani kwa nukta za moto zilizoachana, huanza kujiachia kwenye mishono baada ya maelfu ya kilomita za makorongo. Mafundi wa mbio za namna hiyo huvua gari mpaka likabaki bati tupu na kuipita mishono kwa moto kati ya nukta na nukta, kisha hutia vipande vya kushikilia pale springi na shokapu zinapopiga mwili. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Uswidi. Baba zetu walikaa kando ya barabara wakiangalia magari hayo yakipita katika vumbi, na walipokuja kununua ya kwao walinunua yale yale. Mjomba ni mmoja wao. Ushindi ule ulikuwa wa injini na wa dereva, na ulikuwa pia wa mtu aliyelala chini ya gari usiku akipitisha moto kwenye mishono, ambaye jina lake halikupigiwa makofi.

Mtu huyo, popote alipo, namwonea wasiwasi juu ya macho yake. Mwanga wa moto wa kuchomelea una miale inayounguza kioo cha jicho bila mtu kusikia chochote wakati ule. Maumivu huja usiku, saa kadhaa baadaye, kama mchanga uliotiwa chini ya kope, na vijana wa gereji hulala wamejifunga kitambaa chenye maji wakisubiri alfajiri. Nimewaona wakishikiza vipande kwa jicho lililofumbwa nusu, uso umegeuzwa kando, kofia ya kuchomelea ikiwa imetundikwa ukutani kwa sababu kioo chake kimechakaa na hawaoni kupitia kwake. Kioo hicho ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kazi ya siku moja. Anayeleta gari lake na kukaa kwenye kigoda kusubiri angeweza kukinunua njiani, akamkabidhi fundi pamoja na salamu. Na mabomba yale ya mabati yenye ngozi ya zinki, yanayotumiwa sana kwa sababu yanapatikana, hutoa moshi mweupe yanapochomwa, na moshi huo humpa mtu homa na baridi usiku huo huo. Mzee alikuwa akikwangua zinki yote kwanza, na vijana wake aliwasimamisha upande upepo unakotoka. Hiyo ni elimu. Inastahili kufundishwa pamoja na mchomo wa kwanza, si baada ya jicho la kwanza kuharibika.

Iko pia habari ya magari yanayokuja sasa. Chuma cha 504 ni laini na kina subira. Ukikichoma na kukipoza, hubaki karibu na kilivyokuwa. Magari ya miaka ya karibuni yana nguzo na boriti za chuma kigumu sana, kilichopata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, na chuma hicho kikichomelewa ovyo hupoteza nguvu pale pale pembeni mwa mchomo. Kwa macho huwezi kukitambua. Kimepakwa rangi ile ile. Kampuni zilizoyatengeneza zina vitabu vinavyoonyesha kila boriti ni ya chuma gani, wapi pa kukata na wapi ni mwiko. Magari hayo yatazeeka mikononi mwetu, na milango yake italegea kwetu. Vitabu hivyo vinatakiwa vifike Changamwe, na Gerezani ya Dar es Salaam, kwa lugha inayosemwa chini ya magari hayo, kabla boriti hizo hazijaanza kuoza.

Kwa 504 ya mjomba ilibaki sehemu ambayo matengenezo mengi mazuri hufia. Moto ukichoma nje ya boksi, rangi iliyo ndani huungua pia, na chuma cha ndani hubaki uchi mahali ambapo mkono hauingii. Ukikiacha hivyo, kutu itaanza upya upande wa pili wa mchomo ulio bora kuliko yote. Mzee alikuwa ameacha matundu ya duara kwa makusudi, akayapitishia mpira mwembamba na kupuliza nta iliyoyeyushwa na oili mpaka ikachuruzika chini. Kisha akayaziba kwa vizibo vya mpira vinavyotoka. Yale matundu madogo ya chini kabisa, ya kutolea maji, hakuyaziba.

Mjomba akainama akayaona. "Haya umeyasahau, bwana. Maji yataingia."

"Maji yataingia tu, mzee mwenzangu, hata ukiyaziba. Hayo ni ya kutokea." Akachukua waya mwembamba, akaonyesha jinsi ya kuupitisha ndani ya kila tundu kuondoa mchanga, akampa mjomba waya ule autie kwenye kisanduku cha gari. "Masika yakiisha ulilete, tutoe vizibo tuchungulie ndani. Ukinikosa mimi, mwulize kijana huyu. Anajua ulipo kila mchomo."